Kore Nane, Kore Kumi na Sita

Pesa zimo ndani ya kopo la maziwa,
milioni moja na laki mbili,
bado zinanuka karafuu.
Baba katugawia siku aliyorudi mzanini:
"Kanunueni hicho kibongo chenu, msinitie maneno."

Kibongo. Kipande cha bati cha mraba,
hakifikii kitumbua kwa upana,
na wiki ya tatu hii Wete nzima inatusikia
mimi na Shaame tukikigombania.

Shaame anataka cha kore nane,
chenye ghala kubwa la kumbukumbu ubavuni,
maana mchezo, anasema, haungoji watu wengi,
unamngoja mmoja, mwepesi.
"Dada Mize, ni kama kupanda.
Mkarafuu mrefu hauwataki kumi,
wakipanda kumi tawi linakatika.
Unamtaka mmoja tu, yule
anayefika kileleni nyie bado mnatafuta kamba."

Wallahi kasema kweli,
na ukweli wake ukaniudhi.

Maana mimi nina harusi nne kwenye diski:
ya Gando, ya Konde, mbili za Jadida,
na mama wa bibi harusi wa Gando ananipigia kila baada ya sala:
"Mwanangu, mkanda?"
Mashine hii kongwe inasaga dakika moja kwa robo saa,
feni yake inalia kama mbuzi wa mnada,
nami nimekaa na upepeo wa ukindu
naipepea kama mgonjwa.

Kazi yangu si ya mpandaji.
Kazi yangu ni ya wachambuaji:
usiku, mzigo umemwagwa ukumbini,
Bi Riziki, wakwe zake, watoto waliokosa usingizi,
kila mkono unakata makonyo yake,
hakuna anayemsubiri mwenzake,
na mikono ikizidi ndipo tunapowahi kulala.
Nipe kore kumi na sita.
Nipe ukumbi mzima.

Mlandege, dukani kwa Abdulwakil,
tukamwaga mifano yetu yote miwili juu ya kioo cha meza.
Hakujibu habari ya kore.
Akamuuliza Shaame, "Skrini yenu picha ngapi kwa sekunde?"
"Sitini."
"Basi huyo mpandaji wako unampeleka kwenye mpera."
Nikacheka. Sikucheka sana.
"Nawe dada, chumba kina dari?"
"Bati tupu."
"Kumi na sita hizo, saa nane mchana, chini ya bati,
zitapunguza mwendo zenyewe zisiungue.
Mikono inayosinzia haichambui."

Akatutolea cha kore kumi na mbili, toleo la mwaka juzi,
boksi limepauka upande mmoja kwa jua la dirishani.
Hakuna aliyekitaka.
Chenji ikanunua feni nene kama kopo la samli
na betri ya kushikilia umeme ukikatika.
Kwenye meli ya kurudi nilikipakata.
Shaame alitazama maji, hakusema neno hadi Mkoani.

Leo usiku wa tatu.
Harusi ya Gando imeingia motoni tangu magharibi,
kore zote kumi na mbili zimekaa kitako zinachambua,
na mimi nimelala kidogo juu ya mkeka,
nikazinduliwa na giza.

Tukuza imekwisha. Nani alicheza mchana kutwa? Simuulizi.
Betri inalia: dakika saba.
Shaame keshatoka mbio, pekupeku,
nasikia anagonga mlango wa jirani
akiomba arushiwe elfu mbili ya umeme.

Asilimia tisini na tatu.
Kwenye skrini bibi harusi kainua uso, kaganda,
hina yake mbichi mkononi.
Tisini na nne.
Nachukua upepeo.